Ngazi ya Kamati

Wiki iliyopita tulimwacha Bi Sufi juu ya paa.

Ninyi mlifunga gazeti, mkala, mkalala, mkaenda kwenye shughuli zenu. Yeye yupo palepale. Amekaa juu ya bati la moto, kopo la lami mkononi, miguu inaning'inia ukingoni, na ngazi haipo. Alichokiona kabla ngazi haijatoweka ni mkono tu. Mkono wa mwanamume, na saa ya dhahabu.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, Bi Sufi ni yule bibi mshona mito na magodoro. Jina kalipata kwa sufi, ile pamba ya msufi, anayoishindilia tangu usichana wake, na ambayo haimtoki nywelini hata akioga. Chumba chake ni kimoja. Paa lake lina tundu la ukubwa wa sahani. Chini ya tundu yamo magunia ya sufi kavu na mito ya nyumba ya wageni, na mwenye nyumba ya wageni anaijia jioni hii.

Sufi ikilowa haisameheki. Inaganda mabonge mabonge, inanuka, na anayelalia mto wake huamka shingo imeelekea upande. Mito ikiharibika, kazi imekwisha. Kazi ikiisha, binti yake ameshasema atamchukua akaishi kwake, katika stoo, pembeni ya matairi ya mkwe.

"Utapumzika, Mama," binti alimwambia.

Bi Sufi amewaona wengi waliopumzishwa. Hakumwona hata mmoja aliyeamka.

Ndiyo maana yuko juu, katika umri ambao wenziwe wanasaidiwa kuinuka kitini. Tundu ameliziba kwa kitambaa kizito alichokichovya kwenye lami. Kilichobaki ni kushuka. Na upande wa mashariki wingu limekaa kama mgeni asiyeaga.

"Jirani," akaita. Hakupaza sauti sana. Mtu aliyekalia bati bovu hana ruhusa ya kutikisika.

Akatoka Mama Mkaa, jirani wa mlango wa pili, anayeuza mkaa na kuuvaa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama akatazama chini ya meza yake.

"Uko wapi, mwenzangu?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Kwani kuna juu ngapi? Tazama paani."

Mama Mkaa akatazama. "Ulipandaje huko?"

"Kwa ngazi."

"Na ngazi iko wapi?"

"Ndiyo habari niliyokuitia."

Kabla Mama Mkaa hajajibu, ngazi ikatokea kwenye kona ya nyumba. Ilikuwa begani mwa bwana mmoja mnene, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa, na saa ya dhahabu mkononi. Alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Tuzo ya Uvumilivu.

"Shikamoo, Bibi," akasema, ngazi bado begani.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ngazi unaipeleka wapi?"

"Naihifadhi. Ngazi ni ya kamati."

"Na mimi ni wa nani?"

"Wewe pia ni wa kamati, Bibi. Leo hasa."

Akaiegemeza ngazi ukutani kwa Mama Mkaa, mbali na alipo bibi, akajifuta jasho kwa leso.

"Leo alasiri Mgeni Rasmi anakuja kukuona," akasema. "Tumekutangaza kila mahali. Bibi wa paa linalovuja, halalamiki, anashona tu. Watu wamelia, Bibi. Sasa Mgeni Rasmi anafika anakuta umeziba. Nimwambie nini?"

"Mwambie nimeziba."

"Haiwezekani. Tuzo hii hupewa mtu akiwa bado anavumilia. Akishaacha kuvumilia, huyo ni mtu wa kawaida."

"Nayo tuzo yenyewe ni nini? Nikumbushe."

"Mabati."

"Ya kuezekea."

"Nyumba nzima, Bibi. Mapya, hayajaguswa."

"Kwa hiyo nikiziba paa, nitakosa vya kuzibia paa."

"Hapo sasa tumeelewana," Mwenyekiti akasema, na alimaanisha.

Bi Sufi akalitazama wingu. Wingu nalo lilikuwa limesogea, limekuja kusikiliza.

"Masika iliyopita ulisema hivihivi," akasema. "Nikaacha lisizibwe. Mkutano wenu ukaahirishwa."

"Wajumbe hawakutimia, Bibi."

"Kwa nini hawakutimia?"

Mwenyekiti akakohoa. "Mvua ilikuwa kubwa."

Mama Mkaa akacheka peke yake. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi, "Mwenyekiti, hayo mabati lakini yapo?"

"Yapo. Stoo ya kamati, yamefungiwa. Leo tunapiga picha, mabati yatafuata."

"Nauliza tu. Maana banda lako la kuku siku hizi linameremeta. Majogoo wanawika mchana kweupe, wanadhani jua limechomoza ndani."

"Ile ni rangi."

"Haya. Rangi njema."

"Bibi," Mwenyekiti akarudi juu kwa macho, "wapo wanaoitamani nafasi yako. Kuna mzee mtaa wa nyuma anaishi na wake wawili na mama mkwe, nyumba moja, choo kimoja. Uvumilivu wake hauna mjadala. Nimekupigania. Sasa vuta hicho kitambaa ulichozibia, nikuletee ngazi ushuke tukuandae."

"Sivuti. Ndani kuna sufi."

"Ifunike."

"Na nini? Na tuzo?"

"Basi kaa hapo utafakari," akasema Mwenyekiti, akatazama saa.

Wasomaji wangu, mtu akikuambia utafakari huku ameshika ngazi yako, ujue yeye keshatafakari. Bi Sufi hakutafakari. Akasema, "Jirani, ingia ndani. Kuna godoro nimelimaliza, limesimama nyuma ya mlango. Nawa mikono kwanza, halafu lilete hapa chini ya miguu yangu."

"Unataka kufanya nini?"

"Kulala."

Mama Mkaa akanawa mpaka viwiko, akalikokota godoro nje, akalilaza chini ya ukingo. Paa lenyewe si refu. Mtu mrefu akiingia kwa Bi Sufi huinama mlangoni, na watu humsifu bibi kwa heshima anayopewa, kumbe ni mlango. Lakini ufupi wa paa ukiwa chini si sawa na ufupi wake ukiwa juu.

"Bibi, usiruke," Mwenyekiti akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa yake mwenyewe. "Ukivunjika leo tutamwambia nini Mgeni Rasmi?"

"Mtamwambia nilivumilia."

Akajisogeza, akalikumbatia kopo la lami, akajiachia.

Godoro likatoa pumzi ndefu. Bi Sufi akazama, akainuka kidogo, akatulia. Mama Mkaa alikuwa ameziba macho kwa mikono miwili. Alipofungua, bibi alikuwa amepiga magoti pembeni ya godoro, anaukagua mshono kwa vidole, inchi kwa inchi.

"Umeumia?" akauliza Mama Mkaa.

"Haujaachia hata uzi mmoja," akajibu Bi Sufi. Kiuno chake hakukizungumzia, nacho kilikuwa na mengi ya kusema.

Sasa angalieni mtu mwenye cheo anavyofikiri. Mwenyekiti alipoona bibi ameshuka na tundu limezibwa, hakusema nimeshindwa. Aliichukua ngazi, akaiegemeza kwenye paa la bibi, akapandisha mikono ya koti.

"Nitakitoa mwenyewe," akasema. "Picha zikishapigwa nitazibua kila kitu, namaanisha nitaziba. Kwa mkono wangu."

"Vua viatu, mwanangu," akasema Bi Sufi. "Lami haijakauka."

"Kazi yangu naijua."

"Na bati ni bovu. Pita penye misumari."

Akapanda. Ngazi ikalia, bati likalia, Mama Mkaa akajiuma mdomo. Mwenyekiti akatambaa penye misumari, ushauri aliokuwa ameudharau lakini si sana, akafika, akakishika kitambaa kwa leso, akavuta. Kitambaa kikang'oka na lami yake, nyuzi nyeusi zikavutika kama ulimbo.

Tundu likafunguka. Kitu cha kwanza kilichopita ndani yake kilikuwa mwanga. Cha pili kilikuwa tone.

Mvua ile haikubisha hodi. Ilikuja yote, kwa pamoja, kama iliyokuwa imejificha nyuma ya Mwenyekiti. Wanawake wakalishika godoro kila mmoja ncha yake, wakalisukumiza ndani. Kisha Mama Mkaa akatoka tena, akaikamata ngazi.

"Hii?"

"Ingiza ndani," akasema Bi Sufi. "Mti ukilowa huoza. Na ni ya kamati."

Ngazi ikaingia, ikalazwa sakafuni nyuma ya magunia.

"Ngazi!" ikatoka sauti juu. "Nani kachukua ngazi?"

"Imehifadhiwa," akajibu Mama Mkaa.

Lakini Bi Sufi hakuwa na nafasi ya kucheka. Maji yalikuwa yameanza kumwagika tunduni, kamba nene ya maji, na kila yalipogonga sakafu yaliruka kwenye magunia. Kwa Mama Mkaa hakuwezi kupelekwa kitu. Mito myeupe, nyumba ya mkaa, hata mtoto anaelewa. Bibi akakumbatia magunia mawili, akayasukuma pembeni, akarudi kwa mengine, na pembeni kwenyewe kulikuwa kumejaa.

Akasimama chini ya tundu, maji yanampiga usoni.

"Mwenyekiti."

"Leta ngazi, Bibi. Nalowa."

"Kalia tundu."

"Nini?"

"Likalie. Hapo ulipo, kaa tu, kama kwenye kiti cha mkutano. Nitengeneze magunia yangu, halafu nikuletee ngazi."

Bati likalia, na mwanga ukazimika. Kamba ya maji ikakatika palepale, likabaki tone moja lililochanganyikiwa, nalo likaisha.

Bi Sufi akajifuta uso. Kamati ilikuwa imefanya kazi.

Akagusa magunia, gunia baada ya gunia, akitia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Nje yamelowa kidogo. Ndani kukavu. Akakaa kwenye kigoda, akashika shazia, ile sindano yake ndefu, akatia uzi.

"Ngazi?" akanong'ona Mama Mkaa.

"Nimesema nikimaliza kutengeneza. Sijamaliza. Mito mingine bado haijafungwa midomo."

"Atapata kichomi huko."

"Ana nyama za kutosha. Nishikie hapa."

Na hapohapo gari likasimama mlangoni.

Akashuka mama mmoja wa haiba, miwani mikubwa, mwavuli mkubwa zaidi. Huyo ndiye Mgeni Rasmi. Nyuma yake Katibu wa Kamati, kijana mwembamba mwenye ndoo mkono mmoja na simu ya kupigia picha mkono wa pili. Ndoo alikuja nayo kwa sababu kamati haikuwa na hakika kama bibi ana ndoo ya kupendeza.

"Hodi hapa kwa shujaa wetu," akasema Mgeni Rasmi, akainama mlangoni.

"Karibuni," akasema Bi Sufi. "Mnisamehe siinuki, nina mshono mkononi."

Katibu akaiweka ndoo chini ya tundu, akapiga hatua nyuma, akainua simu. Wote wakatazama juu. Wakasubiri.

Mvua ilinguruma juu ya bati hata watu wakawa wanapaza sauti ili wasikilizane. Ndoo ilikaa kavu.

"Panavuja wapi?" akauliza Mgeni Rasmi.

"Hapo, Mheshimiwa," akasema Katibu.

"Sioni."

"Kwa kawaida panavuja sana."

Wakasubiri tena. Mgeni Rasmi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

Juu kule, Mwenyekiti alikuwa anasikia kila neno, maana bati halina siri. Alikuwa katika hali ambayo simwombei adui. Akiinuka, maji yatamwagika na bibi atapata tuzo, lakini wataona ni yeye aliyelizibua tundu. Akikaa, hapavuji, na Mgeni Rasmi ataondoka akiwa amedanganywa na kamati. Na chini yake lami ilikuwa imeanza kumpenda.

"Katibu," akasema Mgeni Rasmi, na baridi ikaingia katika sauti, "nimetoka mbali kuja kuona chumba kikavu?"

Katibu akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilitoka paani.

"Mheshimiwa, nipo huku."

Mgeni Rasmi akashika kifua. "Nani huyo?"

"Ni mimi. Mwenyekiti."

"Uko wapi?"

"Juu ya tundu."

"Unafanya nini juu ya tundu?"

Hapa, wasomaji wangu, mtu mwenye haya angesema kweli, na mtu mwenye woga angenyamaza. Mwenyekiti hakuwa na kimoja wala kingine.

"Namkinga bibi na mvua," akasema.

Mama Mkaa akageuka kutazama ukuta. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Bi Sufi akapitisha shazia, akavuta uzi, akafunga fundo.

Mgeni Rasmi akatoka nje na mwavuli wake, akasimama uani, akatazama. Juu ya paa, katikati ya mvua, alikaa mtu mzima katika suti, maji yakimchuruzika kidevuni, mikono juu ya magoti. Aliporudi ndani macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimezunguka kote nikitafuta mvumilivu," akasema. "Nimeona wagonjwa, nimeona wajane. Sijaona kiongozi aliyekaa mvuani ili raia wake akae pakavu. Katibu, mpige picha."

"Na bibi, Mheshimiwa?" akauliza Katibu.

Mgeni Rasmi akamtazama Bi Sufi kwa huruma. "Bibi yangu, usinielewe vibaya. Lakini tuwe wakweli. Wewe umekaa pakavu."

"Ni kweli," akasema Bi Sufi.

"Na unafanya kazi, una afya yako."

"Hilo nalo ni kweli, namshukuru Mungu."

"Basi tuzo inamwendea Mwenyekiti. Mabati yote. Nakabidhi leo hii, sitaki ya kesho."

Sauti ya juu ikasema, kwa unyenyekevu, "Sistahili, Mheshimiwa." Ikangoja kidogo. "Lakini mkiona inafaa."

"Shuka basi tukupongeze. Ngazi iko wapi?"

Katibu akatazama nje. Mama Mkaa akatazama kucha zake. Ngazi ilikuwa nyuma ya magunia, mguu wake mmoja ukionekana wazi kwa mtu aliyetaka kuona. Bi Sufi alijua kwamba akitamka neno moja, mwanamume yule atashuka, tundu litafunguka, na jioni mwenye nyumba ya wageni atakuta mabonge ya uji mweupe yaliyoshonwa vizuri.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi sina elimu, niulize. Hii tuzo hupewa mtu akiwa bado anavumilia, au akishamaliza?"

Mgeni Rasmi akafikiri. "Akiwa bado anavumilia. Ndiyo kanuni."

"Akishuka si atakuwa mtu wa kawaida?"

Mgeni Rasmi akamtazama Katibu. Katibu akasema kanuni ndivyo ilivyo, na aliyeitunga ni Mwenyekiti mwenyewe.

"Mwenyekiti," akaita Mgeni Rasmi, "utaweza kuvumilia kidogo? Mpaka mabati yafike tukupige nayo picha?"

Sauti ya juu ilichelewa. "Nitajitahidi."

"Vumilia, mwanangu," akasema Bi Sufi, shazia mdomoni. "Mvumilivu hula mbivu."

Katibu akapewa mwavuli, akatumwa ofisini, iko mtaa huohuo, alete gari la kamati na mabati. Mgeni Rasmi akaombwa kuketi, na kwa kuwa kiti hakikuwapo akaketi juu ya godoro. Akajinyoosha kidogo. Baada ya muda akauliza godoro hili limeshonwa na nani. Alipoambiwa, akasema hakuwahi kukaa mahali pazuri hivi tangu avunjike goti, na kwamba atakuja siku nyingine wazungumze habari za kitanda chake.

"Karibu," akasema Bi Sufi. Mito iliyofungwa ilikuwa inapanda, mmoja juu ya mwingine, myeupe, safi. Mama Mkaa aliishika kwa ncha za vidole, kwa kitambaa, kama anayebeba vifaranga. Ilibaki michache. Bibi hakuinua kichwa. Katika nyumba ile alikuwapo mtu mmoja tu aliyekuwa anakimbizana na jioni, na hakuna aliyekuwa amekuja kumpiga picha.

Katibu akarudi. Alirudi kwa miguu, mwavuli umegeuka ndani nje, na hakuingia. Alisimama mlangoni.

"Mheshimiwa."

"Gari liko wapi?"

"Gari lipo. Kufuli pia lipo, halijavunjwa." Akautazama mwavuli wake. "Mabati hayapo."

"Hayapo vipi?"

"Hayapo hata moja, nimechungulia dirishani. Na ufunguo wa stoo anao mtu mmoja tu."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Wote wakatazama juu.

"Nilisema mimi," akasema Mama Mkaa taratibu. "Majogoo hawawiki bure."

Mgeni Rasmi akatega sikio, akauliza majogoo gani, akaambiwa. Akauliza banda lina ukubwa gani, akaambiwa kuku wanapotea humo. Akaelewa kwamba amemzawadia mtu kitu alichokwisha kujizawadia. Akaondoka juu ya godoro, kwa shida, maana lilikuwa limemkumbatia.

"Mteremsheni huyu mtu," akasema. "Sasa hivi. Ngazi itafutwe."

Katibu akauona mguu wa ngazi nyuma ya magunia. Akapiga hatua.

Bi Sufi akamtangulia. Akabeba kigoda chake na mto wa mwisho, akazunguka magunia, akakiacha kigoda, akakalia ngazi.

"Bibi, inuka," akasema Mgeni Rasmi. "Huyu amekuibia wewe."

"Najua."

"Sasa mbona unamlinda?"

"Simlindi yeye." Akaonyesha mito kwa kidevu. "Aliniibia mabati. Akishuka kabla mvua haijakatika, ataniibia na sufi. Mwacheni akae. Ni mara ya kwanza ananifaa, na mto huu ukifungwa nitawapa ngazi kwa mikono yangu."

Ikawa ajabu. Nyumba nzima ilitaka mwizi ashuke, na aliyetaka aendelee kukaa juu ni yule aliyeibiwa.

Lakini walimsahau mmoja. Bati halina siri kwa walio chini wala kwa aliye juu.

Kwanza ikasikika sauti ya kitambaa kikichanika, polepole, mshono mzima. Bi Sufi akaacha kushona. Sauti ya kitambaa anaijua. Hiyo ni suruali nzuri, sufu, inaachana na lami.

Halafu mwanga ukarudi. Halafu maji.

"Amebanduka," akasema Mama Mkaa.

Bi Sufi akajitupa juu ya mito kwa mwili wake wote, mikono imetandazwa, maji yanampiga mgongoni. Pale alipolala alisikia bati likilia hatua kwa hatua, si kuelekea kwenye tundu, bali ukingoni. Upande uleule aliorukia yeye. Mwenyekiti alikuwa amemwona bibi kizee akiruka na kuinuka mzima, na alikuwa anakwenda kufanya vilevile, aingie mitaani kabla hawajatoka nje.

Tatizo ni kwamba godoro lilikuwa ndani. Mgeni Rasmi alikuwa amelikalia sasa hivi tu.

"Mwanangu," akaita Bi Sufi kwa sauti aliyokuwa hajaitumia siku nzima, "usiruke. Godoro tumeliingiza ndani."

Juu, hatua zikasimama.

Na Mwenyekiti, ambaye tangu asubuhi hakuambiwa neno la uongo na mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe, akafikiri kidogo, akaamua kwamba bibi anamdanganya.

Bati likalia mara moja. Halafu likanyamaza.